Kuongeza lugha mpya kwenye programu ya nasaba: dhana potofu na ukweli

Dhana: Maneno yote yakishatafsiriwa, lugha imeingia.

Faili la tafsiri, ambalo mara nyingi ni la aina ya PO (orodha ya sentensi za asili na tafsiri zake), ni sehemu moja tu ya kazi. Programu inahitaji kuijua lugha yenyewe: msimbo wake (sw kwa Kiswahili, au sw-KE na sw-TZ ukitaka kutenganisha nchi), kanuni ya wingi, mpangilio wa alfabeti, majina ya miezi, na kama maandishi huanzia kulia au kushoto. Katika webtrees, programu ya nasaba ya mtandaoni, kila lugha ina folda yake ndani ya resources/lang yenye messages.po, na ina pia moduli inayoitambulisha, yaani kipande cha programu kilichoandikwa kwa lugha ya PHP. Faili likiwepo bila moduli, lugha haionekani kwenye menyu, na mtu huanza kusahihisha tafsiri isiyo na kosa lolote.

Programu inayotumia gettext ya seva, yaani mfumo wa tafsiri unaosoma faili hizo, ina mtego wa ziada. Mfumo wa seva lazima uwe umesakiniwa lugha hiyo. Endesha `locale -a`, inayoorodhesha lugha zilizosakiniwa; usipoona jina linaloanza na sw_KE wala sw_TZ, kurasa zitabaki kwa Kiingereza hata faili likiwa kamili. Tena PHP hushikilia faili la MO (faili la PO lililogeuzwa ili kompyuta ilisome) kwenye kumbukumbu, kwa hiyo ukibadilisha tafsiri, washa upya huduma ya seva, Apache au PHP-FPM, kabla ya kusema haikukubali.

Dhana: Kila neno la Kiingereza lina neno lake moja la Kiswahili.

Chukua "Unknown". Mtu ni asiyejulikana, tarehe isiyojulikana, jina lisilojulikana, mahali pasipojulikana. "New" na "All" yana tabu hiyohiyo. Programu ikitumia neno moja kila mahali, mtafsiri hana jibu sahihi la kuandika. Dawa yake ni mstari wa msgctxt, yaani muktadha unaotenganisha matumizi ya neno lilelile, na huo huongezwa na wasanidi ndani ya msimbo. Waombe, na uwape mfano wa sentensi inayoharibika. Wakati ukisubiri, chagua umbo linalosimama peke yake bila upatanisho: "Haijulikani" inakaa salama mbele ya takriban kila kitu.

Miezi inaonyesha jinsi muktadha unavyofanya kazi. Katika webtrees, "January" ina miktadha minne: NOMINATIVE, GENITIVE, LOCATIVE na INSTRUMENTAL, kwa sababu lugha kama Kipolandi hubadili jina la mwezi kufuatana na nafasi yake katika sentensi. Kwa Kiswahili jibu ni Januari mara nne. Zijaze zote nne. Ukiacha moja, tarehe moja itatoka kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiingereza kwenye ukurasa uleule.

Umilikaji nao una mtego. Sentensi yenye `%1$s` na `%2$s`, alama za nafasi ambazo programu huzijaza maneno, unaweza kuigeuza ukaanza na `%2$s`, hilo linaruhusiwa kabisa. Lakini ni baba *wa* Asha, picha *ya* Asha, kaburi *la* Asha. Hakuna kihusishi kimoja kinachofaa vyote, na programu inayounga vipande vya maneno haiwezi kukisia.

Dhana: Majina ya undugu ni rahisi, "uncle" ni mjomba, "aunt" ni shangazi.

Kwenye programu ya nasaba hili ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu linapotosha ukoo wenyewe. Mjomba ni kaka wa mama. Kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Shangazi ni dada wa baba, na dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Kwa hiyo programu inahitaji kujua mambo mawili: undugu unapitia upande gani, na nani alizaliwa kwanza. La pili linategemea tarehe za kuzaliwa, ambazo katika vizazi vya nyuma mara nyingi hazipo. Andaa neno la kutumia zinapokosekana, kwa mfano "kaka wa baba", badala ya kuiacha programu iamue mkubwa ni nani.

Haya hayatatuliwi na faili la PO peke yake. Gramps, programu nyingine ya nasaba ambayo ndiyo msingi wa Gramps Web, ina faili la Python la kukokotoa undugu kwa lugha mojamoja: rel_de.py kwa Kijerumani, rel_fr.py kwa Kifaransa. Lugha isiyo na faili lake hupewa kikokotoo cha kawaida, kinachofuata mantiki ya Kiingereza. Tenga muda wa kutosha kwa sehemu hii, na uchore jedwali la undugu kwenye karatasi kabla ya kugusa msimbo.

Dhana: Kubadili lugha ya kiolesura hubadili kumbukumbu.

Hapana. Faili la GEDCOM, ambalo programu za nasaba hutumia kuhifadhi ukoo, huhifadhi BIRT (kuzaliwa), DEAT (kifo), MARR (ndoa) na tarehe kama `12 MAR 1921` au `ABT 1880` (takriban 1880) vilevile kwa lugha zote. Tafsiri hutokea wakati wa kuonyesha. Hatari iko upande wa pili: mtu anayehariri faili kwa mkono na kuandika `12 MACHI 1921`. Programu haitaitambua tarehe hiyo, umri hautakokotolewa, na tukio litakaa mahali pasipo pake kwenye orodha.

Dhana: Wingi ni umoja na wingi tu.

Kwa Kiswahili ndiyo, na kanuni huandikwa kwenye kichwa cha faili la PO: `nplurals=2; plural=(n != 1)`, na sifuri huchukua wingi. Kijapani kina umbo 1, Kirusi 3, Kiarabu 6. Ukinakili kichwa cha faili la lugha nyingine, kanuni yake huja nayo.

Dhana: Kosa dogo la uandishi haliwezi kuangusha ukurasa.

Linaweza. Katika PHP 8, ukiongeza `%s` moja isiyokuwepo kwenye sentensi ya asili, sprintf, inayojaza nafasi hizo, hutupa kosa na ukurasa hukatika. Alama ya asilimia ya kawaida iandikwe `%%` kwenye sentensi za aina hiyo. Kabla ya kupakia, endesha msgfmt, zana ya gettext ya kukagua na kugeuza faili la PO:

`msgfmt --check --statistics -o /dev/null messages.po`

Amri hii hukagua alama hizo kwenye sentensi zenye bendera ya `php-format` (alama iliyo juu ya sentensi kwenye faili) pekee, kwa hiyo usiifute bendera hiyo. Hifadhi faili kwa UTF-8 bila BOM, yaani alama fiche ya mwanzo wa faili.

Dhana: Usichapishe mpaka ifike asilimia 100.

Sentensi isiyotafsiriwa huonekana kwa Kiingereza, basi. Anza na menyu, ukurasa wa mtu, matukio na undugu. Kurasa za msimamizi zifuate. Tafsiri ya mashine itumie kama rasimu, kwani "May" huigeuza "inaweza" na "Issue", ambayo katika nasaba ni watoto, huifanya "tatizo". Iweke alama ya fuzzy (haijathibitishwa) mpaka mtu aisome: msgfmt huziruka zenye alama hiyo, hivyo hazimfikii msomaji kabla ya wakati.