Risiti za ada hazikupi mtoto

Juzi tena. Baba mmoja ameketi mbele yangu ofisini, hapa Kampala, akafungua bahasha ya kaki na kupanga risiti za benki mezani, muhula baada ya muhula, tangu mtoto aanze chekechea. "Wakili, nani amelipa yote haya? Mtoto ni wangu." Nikamuuliza mwanawe anavaa kiatu namba ngapi. Akatoa simu ampigie dada wa kazi.

Nimelieleza hili kwa mdomo mpaka nimechoka. Matunzo ni jambo moja, hifadhi ya mtoto, yaani haki ya kukaa naye na kumlea, ni jingine. Katiba ya 1995 na Sheria ya Watoto zinamtaka mzazi amtunze mwanawe, wawe wanaishi pamoja au wametengana. Ukilipa ada umetimiza wajibu, basi. Na lile la "akifika miaka saba anakwenda kwa baba" halimo katika sheria hiyo, tusipotezeane muda.

Mahakama ya Familia na Watoto hutanguliza ustawi wa mtoto. Hupima anachotaka mwenyewe kwa kadiri ya umri na akili yake, mahitaji yake ya mwili, ya moyo na ya elimu, athari za kumhamisha, hatari zinazomkabili, na uwezo wa mzazi kukidhi mahitaji hayo. Wanaume wakifika kwenye neno "uwezo" wanasoma "pesa". Someni sentensi yote! Ni uwezo wa kukidhi mahitaji, na ya moyo yamo.

Wengine huniletea Kramer vs. Kramer, filamu ya 1979 iliyoshinda Oscar 5, kama ushahidi kwamba baba hashindi. Nadhani waliitazama nusunusu. Dustin Hoffman ni baba wa New York, mtu wa kazi kwanza, ambaye mkewe anaondoka na kumwachia mtoto wa kiume. Asubuhi ya kwanza hajui hata kumtengenezea mwanawe mkate wa mayai: anavunjia mayai kwenye kikombe, anakunja mkate ili uingie, anaishia kuungua mkono. Asubuhi ya mwisho wawili hao wanapika mkate uleule bila kuambizana la kufanya, kila mmoja anajua zamu yake. Katikati amefukuzwa kazi kwa sababu mtoto amemla muda, akakimbilia nyingine ya mshahara mdogo ili asisimame mahakamani bila ajira. Huko inabainika kuwa mama anamzidi kipato. Kwa hesabu ya risiti, baba huyu alikuwa akipungua ubaba kila mwezi. Kweli hakimu alimpa mama, kwa kuegemea umama. Lakini mama mwenyewe ndiye aliyeamua mwishoni mtoto abaki alipo, kwa sababu aliona pale ndipo kwao.

Mtego ule uko hapa pia. Sheria yetu ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi; baba, siku 4. Siku ya tano yuko kazini, na tangu hapo kila mtu anamhesabia ubaba kwa anacholeta.

Niliwahi kumtetea mwendesha boda ambaye mkewe alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Aliacha kupakia abiria usiku, saa zenye hela, na wakili wa upande wa pili akalishikilia hilo: kipato kimeshuka. Lakini kadi ya chanjo alikuja nayo imefungwa kwenye nailoni. Afisa wa probesheni, anayeichunguzia mahakama hali ya mtoto nyumbani, alipokwenda kwake asubuhi, alimkuta akiengua utando juu ya uji kwa kijiko, maana binti yake akiuona utando hali. Hakuulizwa, aliengua tu huku anazungumza na mgeni. Sentensi hiyo ya ripoti ilinisaidia kuliko hoja zangu zote. Alipewa hifadhi, mama akapewa haki ya kumtembelea mtoto.

Kesi hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Ziara ya afisa ni saa moja, pengine pungufu. Matakwa ya mtoto nayo, nimeshaona mtoto akimtaja aliyemnunulia soda jana yake. Na mama yule alikuwa akituma pesa kila mwezi. Nilisimama nikasema kutuma pesa si kulea, maneno yaleyale ninayowaambia akina baba wa bahasha, na hakimu akakubali. Tulipotoka, mama huyo alinifuata hadi ngazini, hakupandisha sauti. "Wakili, ningekaa nyumbani, huo uji ungetoka wapi?"

Nilimwambia pole. Akashuka ngazi, mimi nikarudi ndani kuchukua faili.