Inanuka au inanukia? Ramu ya Jamaika

Ninapofundisha wahudumu wapya wa baa, siku ya ramu huwa naficha lebo. Nawamiminia kila mmoja tone la ramu ya Hampden, kiwanda cha Trelawny, Jamaika, halafu nakaa kimya. Safari hii kijana mmoja alinusa mara moja, akaisukuma glasi kando.

"Mwalimu, hii si dawa ya kufutia rangi ya kucha?"

Hakukosea sana. Alichonusa ni ethili asetati, na kweli imo kwenye dawa nyingi za aina hiyo. Ni mojawapo ya esta, kemikali zinazozaliwa asidi inapoungana na alkoholi. Nusa tena taratibu, mdomo wazi kidogo: linakuja nanasi, kisha ndizi iliyoiva mpaka ganda limekuwa jeusi. Na hakuna aliyetia tunda humo.

Kilichotiwa ni molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye juisi ya miwa. Huku kwetu wafugaji huwapa ng'ombe. Ramu ilishika mizizi Barbados katika karne ya 17. Waliokata miwa, kuchemsha juisi na kukesha kwenye mitambo walikuwa Waafrika waliotekwa na kuuzwa, na Hampden, iliyoanza mwaka 1753, nayo ilikuwa shamba la namna hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia ramu ni kinywaji cha maharamia, humrudisha kwanza shambani.

Viwanda vingi hutia hamira ya dukani, molasi ikachacha siku moja au mbili, basi, inakenekwa, yaani inachemshwa na mvuke wake wa alkoholi kupozwa. Hampden hawatii. Huiachia kazi hamira ya hewani na ile iliyojificha kwenye mbao za matangi, wiki mbili na zaidi. Humo huongeza danda, yaani maji meusi, machachu, yaliyobaki mtamboni baada ya kukeneka. Kisha kuna tope la shimoni, ambako danda ya zamani imeachwa ioze na bakteria wake. (Soga za mbuzi aliyekufa kutupwa shimoni, waachie watalii.) Bakteria hao hutengeneza asidi ya butiriki, inayonuka kama siagi iliyovunda au, tuseme ukweli, matapishi. Ikikutana na alkoholi, inageuka esta yenye harufu ya nanasi. Miaka yote hii, jambo hilo bado linanifurahisha.

Esta hupimwa kwa gramu katika kila lita 100 za alkoholi tupu. Ramu ya Hampden yenye alama OWH ina gramu 40 hadi 80. Yenye alama DOK ina 1,500 hadi 1,600, na hapo ndipo sheria ya Jamaika inapoweka kikomo. DOK haikukusudiwa kunywewa peke yake. Sasa nani atengeneze ramu isiyonyweka? Muulize mtoza ushuru. Mwishoni mwa karne ya 19, Ujerumani ilipandisha ushuru wa ramu kutoka nje. Wafanyabiashara wa huko wakaagiza ramu kali kwa harufu, kidogo tu, wakaichanganya na alkoholi ya kwao isiyo na ladha. Kinywaji hicho, Rum-Verschnitt, bado kipo, na sheria inadai angalau asilimia 5 ya alkoholi yake itokane na ramu halisi.

Mimi nafuata akili hiyohiyo ya Wajerumani. Ndimu, sukari, ramu nyepesi, kisha kijiko kimoja cha chai cha hii yenye esta nyingi. Ukizidisha, ndimu huisikii tena. Ukitaka kuinywa yenyewe, tia matone machache ya maji na uache barafu kwenye friji, maana baridi huifunga harufu.

Yule kijana hakuigusa tena glasi yake, wala hakuiosha. Asubuhi niliikuta imekauka. Nilimwita ainuse.

"Nani kakata nanasi humu?" akauliza.