"Donkey's years" si umri wa punda: tunavyoukosea muda wa Kiingereza

Jioni huwa nakaa Kibirizi, hapa Kigoma, na vijana wanaopeleka wageni hifadhi ya Gombe kwa boti, tukinoa Kiingereza. Sarufi wanaimudu. Kinachowaangusha ni muda.

Mmoja aliagwa na mama wa Kiingereza: "See you in a fortnight." Akasikia "night", basi. Usiku uleule akakaa ufukweni na boti yake hadi mbu wakamshinda. Neno hilo limetokana na "usiku kumi na nne" katika Kiingereza cha kale. Ni wiki mbili kamili, si makadirio. Sisi wa Kigoma tungeweza kuiita safari ya Liemba, maana kwa miaka mingi meli ile ilitoka hapa kwenda Mpulungu, Zambia, kila baada ya wiki mbili. Balaa ni "biweekly". Wenyewe Waingereza hulitumia kwa maana mbili: mara mbili kwa wiki, au mara moja kila wiki mbili. Mgeni akikuandikia hivyo, muombe tarehe.

Dhana iliyotuletea ubishi mkubwa ni kwamba "once in a blue moon" maana yake kamwe, kwani nani amewahi kuona mwezi wa buluu? Waliobisha ni wavuvi wa dagaa, na mwezi wanaujua kuliko mimi: ukiwa mpevu, taa zao hazivuti kitu, wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Lakini hutokea: "blue moon" ni mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda. Kati ya mwezi mpevu na mwingine kuna siku 29 na nusu, kwa hiyo wa kwanza ukiwahi, wa pili huingia kabla kalenda haijageuka. Agosti 2023 tuliupata tarehe 1 na tena tarehe 31. Hurudi kila baada ya miaka miwili na nusu au mitatu hivi. Maana hii ya mwezi mpevu wa pili ilienezwa na kosa la jarida moja la elimu ya nyota la Marekani, mwaka 1946. Rangi haihusiki, ingawa volkano ya Krakatoa ilipolipuka mwaka 1883, vumbi lake liliwafanya watu waone mwezi wa buluu kweli. Kwenye mazungumzo, chukulia ni "kwa nadra sana".

"Donkey's years" nayo ni utani tu: masikio ya punda ni marefu, na "ears" inakaribiana na "years" kwa sauti. Ni "tangu mwaka 47" yetu, na hapo hakuna anayepiga hesabu.

"Score" ndiyo yenye hesabu. Rais Lincoln wa Marekani alisema "four score and seven years" mwaka 1863; kijana mmoja wetu alidhani ni mabao. "Score" ni 20. Nne ni 80, ongeza saba, unarudi hadi 1776, Marekani ilipotangaza uhuru.

Halafu "the eleventh hour", yaani dakika za mwisho. Wengi huitafsiri saa tano usiku. Asili yake ni Mathayo 20, kwa vibarua wa shamba la mizabibu, na saa zile zilihesabiwa tangu jua kuchomoza, kama zetu. Biblia ya Kiswahili inasema saa kumi na moja, na ndiyo hii hii tunayoijua: jua limeshaegemea upande wa Kongo, na mwenye shamba bado anachukua vibarua.