Bunduki nafuu nayo ina shabaha

Wawindaji wengi wa Marekani wamekua wakiambiwa kwamba bunduki ya bei ndogo haipigi sawasawa. Dai hilo lina jibu tangu 1958, kampuni ya bunduki ya Savage ilipotoa Model 110, bunduki ya komeo (chuma kinachovutwa kwa mkono kuingiza kila risasi) iliyobuniwa na Nicholas Brewer. Mtutu wake hubanwa kwa nati. Fundi huuzungusha, hupima nafasi ya risasi ndani ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu linaloshika risasi), kisha hukaza. Kazi ikapungua, bei ikashuka, shabaha ikabaki.

Shabaha hutoka kwenye mtutu, chemba iliyonyooka nao na risasi zinazopatana nao. Mbao zilizonakshiwa ni urembo (mzuri, sikatai). Unafuu huonekana kwingine: komeo linalokwaruza, au kitako cha plastiki laini kinachopinda.

Mwindaji wa kulungu hapotezi kitu. Bunduki inayotawanya risasi sentimita 3 kwa mita 100 itatawanya kama 6 kwa mita 200, na eneo la moyo na mapafu lina upana wa karibu sentimita 20. Anayetaka kulenga mita 800, fedha aliyookoa aipeleke kwenye darubini na risasi za mazoezi.