Je, wajua kwa nini sanamu kubwa huwa tupu ndani?

Mwaka jana kipindi cha sanaa cha darasa la nne kiliishia kwenye moto wa kuni nyuma ya jiko la shule, hapa Iringa. Watoto walikuwa wamefinyanga askari, ng'ombe na kina bibi waliobeba ndoo, kwa udongo tuliochota bondeni kwenye Ruaha Mdogo. Dakika ishirini hazijafika, paa! Kisha paa, paa, kama bisi. Tulipofukua majivu tulikuta miguu, pembe moja na vigae.

Mvulana mmoja aliyehamia kutoka Dar akaniuliza: "Mwalimu, yule Askari wa Mtaa wa Samora mbona hajapasuka?"

Kumbe swali lile lilikuwa somo zima. Sanamu ya Askari, iliyotengenezwa na James Alexander Stevenson na kusimamishwa mwaka 1927, ni ya shaba iliyochanganywa na bati. Sanamu za namna hiyo kwa kawaida hazijai. Ni ganda tu. Fundi hutengeneza umbo, akalizungushia tabaka la nta juu ya kiini cha udongo, kisha akaifunika nta hiyo kwa udongo mwingine. Vyote vikipashwa moto, nta huyeyuka na kutiririka nje. Pale ilipokuwa nta panabaki nafasi nyembamba, na ndipo humiminwa madini yaliyoyeyuka yenye joto linalozidi nyuzi 1,000. Yakipoa, udongo wa nje huvunjwa na wa ndani hutolewa.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Sababu ya kwanza watoto walipiga hesabu wenyewe ubaoni. Mtu wa kilo 70 akizama majini huchukua nafasi ya lita 70 hivi, na lita moja ya shaba ya aina ile ina kilo karibu 9. Basi mtu wa shaba aliyejaa angezidi kilo 600. Sasa mfanye awe ganda la unene wa milimita 5: anarudi kwenye kilo 80 hivi, karibu sawa na mtu mwenyewe! Darasa lilipiga kelele hadi mwalimu wa chumba cha pili akachungulia.

Ukitaka kuona kitu kilichojaa kweli, nenda Mbozi. Kimondo kile cha chuma kina urefu wa mita 3 tu, kifupi kuliko Hiace, lakini uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Hizo ni Hiace nane, bila abiria.

Sababu ya pili ndiyo iliyowapiga wafinyanzi wangu. Kitu kinene hakipoi wala kukauka sawasawa. Shaba hunywea inapopoa. Nje ikiganda huku ndani bado ni uji, nyufa huja. Kwa udongo adui ni maji. Askari wa mtoto, mnene kama gunzi la mahindi, huonekana mkavu huku tumboni amejaa unyevu. Moto ukimfikia, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke huhitaji nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji. (Hapa kwetu juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo hata subira ya moto ni fupi.) Wengi husema hewa iliyofungiwa ndiyo inayopasua. Nami niliwahi kufundisha hivyo. Sivyo: hewa peke yake si kitu, unyevu ndio mwenye kosa.

Mabingwa wa jambo hili tunao jirani. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu kwa mikono na kuvipakia kwenye mitumbwi kupeleka gulioni Matema. Shika kimoja ukigonge kwa kidole: kinalia. Chungu na askari wa shaba ni ndugu, ganda jembamba lililozunguka utupu.

Basi tulianza upya, safari hii kwa kutoka nje kwanza. Kila mtoto aligonga vitu vya mjini: nguzo ya chuma, ukuta, sanamu ya saruji kando ya barabara. Saruji haikulia, hiyo hujazwa na kushikiliwa na nondo ndani, kwa hiyo ni ukoo mwingine. Halafu nikawataka waizunguke na kuichora kutoka mgongoni. Hili naliona muhimu kuliko yote, maana picha ya kitabuni haina mgongo, na mtoto aliyezoea picha hufinyanga mtu bapa kama chapati.

Darasani kila mmoja alifinya vikombe viwili kwa dole gumba, kuta zisizidi unene wa kidole chake kidogo. Wakavikwaruza kingo, wakapaka tope laini na kuviunganisha. Huo ukawa mwili. Kichwa nacho kikatobolewa, kisha tundu moja la mwiba likaachwa mahali popote ili mvuke upate mlango. Ilikuwa Julai, baridi ya Iringa mnaijua, hivyo tulianika wiki tatu nzima. Kipimo ni shavu: ukigusisha udongo shavuni ukausikia wa baridi, bado una maji. Siku ya moto tulianza na moshi tu, asubuhi nzima, kuni zikaongezwa mchana.

Ilipasuka moja, ya mtoto aliyeshindwa kuvumilia akamjaza ng'ombe wake udongo "awe na nguvu". Zilizobaki ziko dirishani pa ofisi ya walimu. Kuna bibi mmoja mwenye ndoo ambaye wageni wote humcheka, kwa sababu aliyemfinyanga aliliweka lile tundu la mwiba mdomoni, na sasa anaonekana anapiga mluzi.