"Lakini nimemtaja mwandishi!"

Mswada ukinifikia na kila sura imefunguliwa kwa beti za mshairi mashuhuri, swali langu la kwanza huwa: ruhusa iko wapi? Jibu ni lile lile, liwe la mwalimu wa Jinja au la mhubiri anayechapisha kitabu chake cha kwanza hapa Kampala: "Lakini nimemtaja mwandishi!" Wengine hunifungulia ukurasa na kunionyesha jina kwa kidole, wakidhani sikuliona. Nililiona. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, mtu mmoja mmoja, basi naliandika.

"Ukitaja jina, umemaliza"

Hujamaliza. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda, ya 2006, inampa mwandishi haki za aina mbili. Ya kwanza ni haki ya kutambuliwa: kazi yake ikitumiwa, jina lake litajwe, na maneno yake yasipotoshwe. Ya pili ni ya kiuchumi: yeye, au yule aliyemwachia, ndiye anayeamua nani achapishe, nani atafsiri, nani auze. Kutaja jina kunatimiza ile ya kwanza. Ya pili bado inakudai. Mtu akichukua shairi zima la mwenzake akalipiga chapa kwenye kalenda 2,000 pale Nasser Road, hata akiliandika jina la mshairi kwa herufi kubwa kuliko za miezi, amechapisha na kuuza mali ya mtu. Lile jina limetuonyesha mwenye mali ni nani, basi.

Sheria hiyo hiyo imeacha nafasi ya kunukuu bila kuomba, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Unaruhusiwa kunukuu kazi iliyokwisha kuchapishwa, ndani ya kazi yako mwenyewe, mradi masharti matatu yatimie kwa pamoja: nukuu iwe ya haki kwa desturi ya uandishi; urefu wake usizidi kile ambacho kazi yako inakihitaji; na utaje ulikoitoa. Narudia, kwa pamoja. Kutaja ni sharti la tatu, nao wengi wamelishika hilo peke yake wakayaacha mawili ya kwanza. Ubishi ukizuka, yanapimwa madhumuni ya matumizi, pamoja na kama ni ya biashara. Aina ya kazi iliyonukuliwa. Kiasi na uzito wa kilichochukuliwa. Na athari yake kwa soko la kazi hiyo. Katika vipimo hivyo vinne, jina halimo.

Tuchukue *Song of Lawino* ya Okot p'Bitek, iliyotoka 1966. Okot alifariki 1982. Hakimiliki kwetu hudumu uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kazi hiyo inalindwa hadi 2032. Ukiandika insha kuhusu ndoa za mjini, ukanukuu mistari sita ya Lawino akimlalamikia mumewe Ocol, kisha ukaichambua, ukakubaliana naye hapa na kumpinga pale, nukuu hiyo inafanya kazi ndani ya hoja yako. Sitakutuma ukaombe ruhusa. Ukiiweka mistari ile ile juu ya sura ya kilimo cha kahawa, usiiguse tena hadi kitabu kinaisha, umeifanya pambo, na utetezi wako umelegea sana. Ukiipiga chapa kwenye fulana, huna utetezi wowote: hapo hakuna hata hiyo kazi yako ya kunukuliwa ndani yake. Mwandishi ni yule yule, jina limetajwa mara zote tatu, na majibu yametofautiana.

Anayetaka kuona nukuu ya mwanzo wa kitabu iliyostahili mahali pake, amtazame Chinua Achebe. Jina la riwaya yake ya 1958, *Things Fall Apart*, limetoka katika shairi la W. B. Yeats, na mwanzoni mwa kitabu imewekwa mistari minne ya shairi hilo, pamoja na jina la Yeats na la shairi lenyewe. Ni mistari minne tu, na riwaya nzima inaijibu. Mswada wangu wa juzi ulikuwa na ubeti mzima juu ya kila sura, na hakuna sura hata moja iliyoukumbuka ubeti wake. Nilipomwambia mwandishi aondoe, alisema kitabu kitabaki uchi. Kama kitabu kinavikwa na maneno ya wengine, tatizo lake limeanzia mbali kuliko hakimiliki.

"Huyo amekufa zamani"

Zamani ipi? Shakespeare alifariki 1616, huyo mnukuu upendavyo. Shaaban Robert alifariki 1962, ulinzi wa kiuchumi ukaisha 2012. Achebe alituacha 2013, hesabu hadi 2063. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapa Makerere, alifariki 2025, na kazi zake zina ulinzi hadi 2075. Kifo ndipo hesabu inapoanza.

Hata kwa Shaaban Robert, ambaye ruhusa yake huhitaji tena, jina lake bado ni lazima. Kwa sheria yetu haki ya kutambuliwa haina mwisho. Nimesikia beti zake zikisomwa kwenye harusi kana kwamba msomaji ndiye aliyezitunga usiku wa jana, na watu wanampigia makofi. Hilo ni kosa kinyume cha lile la kalenda: hapa ruhusa haihitajiki, jina ndilo lililoibwa.

Kitabu chako kikivuka mpaka, hesabu miaka ya huko kinakokwenda. Winston Churchill alifariki 1965. Kitabu chake cha safari cha 1908, *My African Journey*, ambacho waandishi wa utalii hawaachi kukichota sifa za Uganda, kilitoka kwenye ulinzi hapa 2015. Uingereza wanahesabu miaka 70, kwa hiyo kule ni hadi mwisho wa 2035. Anayeuza Entebbe na London anabanwa na mwaka wa London.

Kuna hili la tafsiri pia, na linawanasa hasa walimu wa Kiswahili. Tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi, 2022, miswada ya vitabu vya shule imeongezeka mezani pangu, na kila mara naikuta sehemu ndefu ya *Mabepari wa Venisi*. "Shakespeare ni wa wote, Mwalimu!" Shakespeare ndiyo. Kiswahili kile ni cha Julius Nyerere, aliyefariki 1999, na tafsiri ina hakimiliki yake yenyewe, hadi 2049. Sheria inaruhusu kutoa mfano wa kufundishia kwa kiasi kinachohitajika, chanzo kikitajwa. Onyesho zima ndani ya kitabu cha mazoezi kinachouzwa si mfano tena. Tafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza cha Shakespeare, utakuwa salama, na wanafunzi watafaidika.

"Mistari mitatu haina neno"

Hakuna idadi hiyo katika sheria yetu, wala ya maneno 30, wala ya asilimia 10. Shairi la mistari minne ukichukua mitatu, umelichukua karibu lote.

"Hakuisajili"

Ulinzi unaanza kazi inapoandikwa. Cheti cha URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kinasaidia kuthibitisha umiliki. Kukikosa hakumpokonyi mtu haki.

"Nimeitoa intaneti"

Kila msimu wa mahafali naletewa hotuba yenye yale maneno kwamba hofu yetu kubwa si udhaifu wetu, yakiwa na jina la Nelson Mandela na hotuba yake ya kuapishwa ya 1994. Hayamo katika hotuba hiyo. Ni ya Marianne Williamson, Mmarekani, katika kitabu chake *A Return to Love* cha 1992. Aliyeyachapisha chini ya picha ya Mandela amekosa mara mbili: amemnyima mwandishi jina lake, na amemtwisha marehemu maneno asiyoyasema. Picha ya kwenye simu si chanzo. Kifungue kitabu. Usipokipata kitabu, usinukuu. Nawaomba waandishi wangu wote wawe na daftari la nukuu: mwandishi, kitabu, toleo, ukurasa, yaandikwe siku ile ile unapokutana na maneno, kwa sababu mhariri akiuliza baada ya mwaka mmoja hutakumbuka.

Ruhusa yenyewe haiombwi kwa ujumbe wa simu. Andika barua kwa mchapishaji, useme mistari ipi, ukurasa upi, kitabu chako ni cha lugha gani, nakala ngapi, kitauzwa nchi zipi na kwa bei gani. Ipeleke kabla kurasa hazijapangwa, maana wachapishaji wengine huchukua miezi, na ada hutegemea idadi ya nakala. Shirika la haki za unakilishi, URRO, linaweza kukuelekeza ukikwama kumpata mwenye haki. Usipojibiwa, hujaruhusiwa, kimya chao usikigeuze idhini. Hapo itoe nukuu, ueleze wazo lile kwa maneno yako na umtaje uliyelipata kwake. Sheria hailindi mawazo, inalinda namna yalivyosemwa, na kwa hilo huhitaji barua ya mtu yeyote.