Je, wajua kwa nini filamu za kubuni za kisayansi huweka duka na polisi chini ya paa moja?

Katika filamu ya They Live, iliyotolewa mwaka 1988 na mwongozaji wa Marekani John Carpenter, kibarua asiye na makao anachukua miwani ya jua kutoka kwenye boksi, anaivaa barabarani, na papo hapo mji mzima unapoteza rangi. Bango lililokuwa likitangaza kompyuta limegeuka jeupe, na juu yake kuna neno moja tu: "Tii". Jingine, lililokuwa na picha ya mwanamke aliyejilaza ufukweni, sasa linamwamuru aoe na azae. Rafu za magazeti zimejaa amri za kununua, za kutazama televisheni na za kuendelea kulala, na noti anayoiona mkononi mwa mtu imeandikwa kwamba huyu ndiye mungu wako.

Carpenter alieleza wazi kwamba alikuwa akiikosoa Marekani ya enzi za Rais Ronald Reagan, lakini mbinu aliyoitumia ndiyo inayojibu swali letu. Tangazo la biashara ni amri iliyovishwa nguo nzuri, na kwa kuwa tunakutana nalo tangu utotoni, macho yetu yamekwisha kulizoea kiasi cha kutoliona. Filamu ya maisha ya kawaida italionyesha bango kama lilivyo, nasi tutalipita kama tunavyoyapita mengine. Hadithi ya kubuni ya kisayansi ina ruhusa ya kulivua nguo hizo.

Kwa maoni yangu, sehemu yenye uzito zaidi ni ile ambayo watazamaji wengi huichukulia kama burudani tu. Kibarua huyo anamsihi rafiki yake aivae miwani, rafiki anakataa, na wawili hao wanapigana kichochoroni kwa zaidi ya dakika 5, wakiangushana, wakiinuka na kuangushana tena. Hakuna askari anayemzuia rafiki huyo kuona. Ni yeye mwenyewe anayeupigania upofu wake kwa ngumi, kwa sababu ana kazi na familia, na anahofia kuvipoteza. Udhibiti ukishafika hapo, mtawala hana haja ya minyororo.

Wazo hilo lilikuwapo tayari katika THX 1138 ya mwaka 1971, filamu ndefu ya kwanza ya George Lucas, ambamo watu walionyolewa vichwa huishi chini ya ardhi, hulazimishwa kumeza dawa za kutuliza hisia, na huenda kutubu ndani ya kibanda mbele ya picha inayowahimiza wanunue zaidi ili wawe na furaha. Mhusika mkuu anapotoroka, polisi wa roboti wanamfuata hadi kwenye ngazi ya kutokea juu, kisha wanaamriwa kurudi, kwa kuwa gharama za msako zimepita bajeti. Uhuru wake unatokana na hesabu za fedha; utawala ule hauna kipimo kingine cha thamani ya mtu. Nayo WALL-E ya mwaka 2008, ingawa ni katuni ya familia, inasema jambo la karibu na hilo kwa sekunde chache tu: sauti ndani ya chombo cha angani inatangaza kwamba rangi ya mtindo sasa ni buluu, na abiria waliovaa nyekundu wanabonyeza kitufe na kubadilika wote.

Katika Minority Report ya Steven Spielberg, ya mwaka 2002, muuzaji na polisi wanatumia kifaa kilekile. Mashine zinasoma macho ya wapita njia. Matangazo yanamwita kila mmoja kwa jina lake, na kwa njia hiyohiyo polisi wanajua yuko wapi. Ofisa John Anderton, wa kikosi kinachokamata watu kwa makosa yaliyotabiriwa kabla hayajatendwa, anapotafutwa mwenyewe kwa mauaji ambayo bado hajayatenda, analazimika kufanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa macho. Baadaye anaingia katika duka la nguo, na sauti ya kompyuta inamkaribisha kwa ukarimu, ikimwita Bwana Yakamoto na kumuuliza kuhusu nguo alizonunua mara ya mwisho. Duka halimjui aliyesimama mbele yake. Linayajua macho, na ununuzi uliokwisha kuandikwa dhidi ya macho hayo.